Prosesa Iliyotoka Kabla ya Mwenyewe

Nimestaafu. Chekeni tu. Najua mtu wa umri wangu hastaafu, na Fundi Wiki aliniambia niseme tu kwamba nimeacha. Lakini nimekaa kwenye ile meza ya nyuma dukani kwake tangu Form One, kila likizo na kila Jumamosi, mpaka nimemaliza Form Four. Kuacha ni neno la mtu aliyechoka. Mimi sijachoka. Naenda chuo tu, na meza inabaki kwenu, Kevo na Sharon, na mnajua mimi si mtu wa kuongea. Mteja akiingia nilikuwa najificha nyuma ya kava ya kompyuta mpaka Wiki amalize naye. Kwa hivyo mambo ambayo ningewaambia kwa mdomo nimeyaandika, vile huwa naandika yangu jioni, bila kuficha.

Sitaandika nilianza kulipwa lini. Wala siku ambayo Wiki aliniita fundi mbele ya watu. Ilikuwa mara moja, na alikuwa anataka nimletee chai.

Siku ya kwanza nilikuja na sweta ya shule. Duka lilikuwa hapo hapo lilipo, Silanga upande wa chini, mbele vijana wanacheza gemu, nyuma meza ya kutengeneza, na ukutani upande wa pili Mama Makaa anapima makaa yake asubuhi hadi jioni. Vumbi lote la yule mama lilikuwa linaishia kwenye feni zetu. Wiki alinipa brashi ya kupaka rangi akasema, "Leo utasafisha tu. Usiguse kitu kinang'aa." Baada ya dakika chache nikaona prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imepakwa kitu cheupe kama dawa ya meno, nikaipangusa vizuri sana kwa mkono wa sweta.

"Lavenda, umefanya nini?"

"Ilikuwa chafu."

"Hiyo ni pasti! Ndiyo inatoa moto kwa prosesa inapeleka juu kwa feni!" Halafu akatazama sweta yangu. "Mamako atanisaka."

Alinisaka mimi. Ile pasti haitoki. Lakini ndivyo nilivyojifunza prosesa ni nini, na kwa nini adui yake wa kwanza hapa kwetu ni joto.

Sasa hii sehemu someni polepole, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Mteja atakuja anataka mashine ya bei ya chini ifanye kazi ya mashine ya bei ya juu. Hiyo inawezekana kiasi. Unachukua prosesa rahisi, unaiambia iende kwa kasi kuliko ile ilitoka nayo kiwandani. Mtandaoni wanaita overclocking. Sisi tunasema kuikimbiza. Lakini si kila prosesa inakimbizwa. Nyingine kampuni imezifunga, ukiiambia iongeze mwendo inakuangalia tu. Kwa hivyo swali la kwanza ni kama imefunguliwa ama imefungwa. La pili ni bodi, ile sahani kubwa ambayo prosesa inakalia, kwa sababu kuna bodi ambazo hazikubali kukimbiza chochote, na nimeona mtu akinunua prosesa poa halafu anaikalisha kwa bodi kama hiyo, sawa na kununua raba za mbio uvae ukilala.

Halafu miguu. Geuza prosesa, iweke kwa mwanga wa mlango, angalia vimiguu vyake vya dhahabu mstari kwa mstari. Kimepinda? Kinyooshe na ncha ya kalamu iliyoisha wino, na usipumue. Kimekatika? Rudisha, na usikubali hadithi.

Wale wanaoandika mtandaoni wanaandika kama kila mtu anaishi kwa nyumba ya mawe yenye upepo. Sisi tuko chini ya mabati. Mchana wa Januari hata kipanya kinatoka jasho. Kwa hivyo msichague prosesa yenye namba kubwa. Chagueni ndogo inayokula moto kidogo, muipe feni ya maana, ndiyo mtapata nafasi ya kuikimbiza. Ongeza kasi kidogo, ijaribu siku nzima, ndipo uongeze tena. Volti iguse mwisho kabisa, na uiguse kwa woga, kwa sababu stima yetu yenyewe hupanda na kushuka kama mtu ana homa.

Swali la mwisho ni, imetumika wapi? Prosesa ya kijana wa gemu imeshachomwa. Ya ofisini ni nzuri, imeandika barua maisha yake yote na wikendi imelala. Na hapa ndipo niliona tabia ya soko letu. Tunauliza kitu kimetumika wapi. Hatuulizi ni cha nani. Ukiuliza ni cha nani muuzaji anadhani wewe ni polisi, ama jamaa ya mtu aliyeibiwa. Kwa hivyo unauliza imetumika wapi, anasema ofisini, unakubali, na nyote wawili mnaenda nyumbani. Hata Wiki alifanya hivyo miaka yote. Sijui fundi hata mmoja ambaye hakufanya.

Kesi ambayo nataka kuwaandikia ilikuwa likizo ya mwisho kabla nifanye mtihani. Mteja alikuwa Achieng'. Mnamjua, yule msichana mrefu anayekaa na shangazi yake kwenye zile nyumba za ghorofa za Soweto East. Alikuwa ametengeneza filamu fupi kuhusu akina mama wanaolima kando ya bwawa, pale Dam, yeye mwenyewe, kwa kamera ya kuazima. Kulikuwa na chuo cha filamu kilichosema kitachukua wachache bila karo, na mwisho wa kupokea filamu ilikuwa Ijumaa mchana. Ilibaki kitu kimoja, kurenda, yaani kompyuta ichukue vipande vyote vya picha na sauti ivipike viwe video moja. Kompyuta yake ilikuwa na prosesa mzee aliyefungwa. Ilikuwa inaonyesha itamaliza wiki inayofuata.

"Na nikikosa?" Achieng' alisema siku hiyo, ameketi kwenye mtungi wetu wa maji. "Auntie ameshanitafutia kazi ya nyumba huko Ghuba. Paspoti iko tayari, anaiweka chini ya godoro yake kama iko na miguu. Nikikosa Ijumaa, fundi, mimi nimeenda."

"Hauendi mahali," Wiki akasema. "Bodi yako inakubali kukimbizwa. Tunatafuta tu prosesa."

Jumatatu tukaenda Kawangware, mimi na Wiki, kwa jamaa anaitwa Elkana ambaye huuza vitu vya kompyuta. Hakutupeleka dukani. Alitupeleka kwenye nyumba nyuma ya maduka, chumba kimoja na pazia katikati. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka karibu na mabati. Kulikuwa na sufuria kubwa, zile za watu wengi, na turubai la hema limekunjwa kwenye kona.

"Kwani siku hizi unakodisha viti?" Wiki akauliza.

"Kitu kama hiyo."

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono. Elkana alikitoa haraka akakitupa kitandani. Nilishika kava ili nifungue skurubu. Ilikuwa na joto. Si joto la jua, hapakuwa na dirisha. Joto la mashine iliyofanya kazi siku nzima. Nikaangalia nyuma. Hakukuwa na waya wa stima.

"Ilikuwa imewashwa saa hii?" nikauliza. Kwangu hiyo ilikuwa hotuba.

"Haijawashwa wiki nzima, madam."

Wiki aliangalia miguu ya prosesa mlangoni. Yote imesimama. Ilikuwa ya zile zilizofunguliwa, ya bei ya chini, ile ile tulikuwa tunatafuta. Bodi ya pale ilikuwa imepinda kona, na sisi bodi tulikuwa nayo, kwa hivyo tukachukua prosesa na feni yake tu.

"Imetumika wapi?"

"Ofisini," Elkana akasema, akiangalia pazia.

Tukakubali.

Jumanne asubuhi niliikalisha kwenye bodi ya Achieng'. Sheria ya Wiki ni kwamba kwanza unaiacha iende mwendo wa kiwandani, ndipo uongeze. Nikaweka mwendo wa kiwandani, gigahazi tatu nukta sita, nikaandika, nikahifadhi, nikawasha. Wiki akaja nyuma yangu.

"Mbona inasoma nne nukta mbili?"

"Sijui. Mimi nimeweka tatu nukta sita."

"Lavenda, usianze na kasi ya mbinguni. Rudisha."

Nikarudisha. Nikawasha. Nne nukta mbili. Nikatoa betri ya bodi, ile ndogo kama ya saa, nikaiacha nje mpaka nikamaliza chai, kwa sababu bodi bila betri husahau kila kitu. Nikarudisha betri. Bodi ilikuwa imesahau kweli, hata tarehe ilikuwa ya zamani kabla tuzaliwe. Lakini kasi ilikuwa nne nukta mbili.

Mnielewe hapa. Kasi ambayo umeweka huwekwa kwenye bodi. Bodi ndiyo hukumbuka. Prosesa haina mahali pa kukumbuka mambo kama hayo. Ukiihamisha inafika kwa bodi mpya kama mgeni ambaye hajui hata choo kiko wapi. Nikatoa ile prosesa, nikaweka yule mzee wa Achieng' kwenye bodi hiyo hiyo. Alitii. Nikarudisha ile ya Kawangware. Nne nukta mbili.

"Ni kasoro ya kiwanda," Wiki akasema. Lakini hakukaa.

Mchana mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Vijana wa gemu walikuwa wamevua mashati. Achieng' alikuwa ameanzisha kurenda na ule mstari wa kijani ulikuwa unatembea vizuri, uso wake umefunguka. Mimi niliangalia kipimo cha joto. Kilikuwa chini sana. Nikapitisha kidole kwenye chuma cha feni, pale ambapo kwa kasi hiyo kidole kinafaa kuungua. Ilikuwa baridi. Baridi ya chupa ya soda iliyotoka tu kwa friji, mpaka na ule umaji-maji.

"Kipimo kimekufa," Wiki akasema.

"Na kidole changu?"

"Kidole chako pia."

Jioni, wakati Mama Makaa huwasha taa yake, skrini ikawa nyeusi. Mashine za gemu kwenye stima hiyo hiyo ziliendelea, na vijana hawakugeuka hata. Ya Achieng' tu ndiyo ilizima. Lakini feni ilikuwa inazunguka. Wiki akachomoa waya ukutani. Feni iliendelea kuzunguka, polepole, kama mtu aliyeinuka kwenye kiti akitafuta viatu vyake. Ndipo ikasimama.

Wiki alichukua waya akauangalia pande zote mbili, kama mtu anayetafuta ulikopitia uongo.

Jumatano tukaanza tena kutoka mwanzo, mapema, ili imalize kabla ya jioni. Kufika saa sita mstari ulikuwa umebaki kidogo kabisa, kama upana wa ukucha. Hapo ukasimama. Haikuwa imekwama, kwa sababu saa ya kompyuta ilikuwa inaenda na feni ilikuwa inazunguka. Ilikuwa tu imesimama. Achieng' aliketi mbele yake mchana wote bila kula. Niliandika jioni ile kwamba ilikuwa inasubiri, na mpaka leo sijapata neno lingine. Mama Makaa akawasha taa. Ikazima.

Achieng' hakulia. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Fundi, niambie kama haiwezekani nianze kupanga nguo."

"Siwezi kukudanganya," Wiki akasema. "Kesho nairudishia Elkana hii takataka yake, anipe nyingine."

Alhamisi asubuhi tukarudi Kawangware, prosesa iko mfukoni mwa Wiki kwenye kiboksi cha plastiki. Tulisikia mahali kabla tuone. Wimbo wa kanisa, ule wa polepole. Turubai lilikuwa limesimama nje ya ile nyumba, viti vimepangwa chini yake, akina mama wanamenya viazi kando ya ile sufuria kubwa. Mbele kulikuwa na meza, kitambaa cheupe kile kile, maua ya plastiki, na picha ya mwanaume anacheka, kamera ya video begani.

Wiki alivua kofia. Miaka yote hiyo sikuwa nimeona kichwa chake.

Elkana alikuwa anamimina chai. Alipotuona, chai ikapita kikombe ikamwagikia mgeni magotini. Mwanamke aliyeketi karibu na picha, leso imefungwa chini sana kichwani, aligeuka akamwangalia Elkana, halafu akatuangalia sisi.

"Nyinyi ndio mlichukua mashine ya Baba Tevin?"

Ndivyo tulivyojua. Yeye alikuwa Mama Tevin, mjane. Marehemu alikuwa mumewe, alikuwa anapiga video za harusi na matanga hapo Kawangware. Elkana ni shemeji yake. Mwili ulikuwa bado mochari, Ijumaa asubuhi ndiyo walikuwa wanaenda kumchukua wampeleke nyumbani Uluhyani kuzikwa. Na tangu Jumatatu, kila jioni giza likianza kuingia, watu walikuwa wanakusanyika chini ya turubai hilo, wanamwimbia na kumwombea.

Niliangalia Wiki. Wiki aliangalia chini.

"Pole, Mama," akasema. "Hatukujua. Tulichukua kitu kimoja tu. Hiki hapa." Akatoa kiboksi kwa mikono miwili. "Lakini niulize tu. Alikuwa anaikimbiza? Hii mashine?"

"Alikuwa anaiongeza nguvu, ndiyo. Ilimchukua muda mrefu. Akizidisha inazima, akipunguza inamchelewesha. Halafu siku moja akaniita, anaruka kama mtoto, nne nukta mbili, Mama Tevin, nne nukta mbili! Mimi sikujua ni ya nini. Nilidhani ni ya bahati nasibu."

Mmoja wa akina mama alicheka kidogo, akajizuia. Mimi nikakiangalia kile kiboksi.

Kulikuwa na mwanamke mzee amekaa kwenye kiti pekee cha mbao, mkongojo magotini. Walimwita Senge, shangazi wa marehemu upande wa baba, na ilikuwa wazi kwamba pale hakuna maji yalichemka bila yeye kujua. Sasa akamgeukia Elkana.

"Mwenyewe hajatoka hapa. Vitu vyake vimetokaje?"

"Senge, nilikuwa natafuta pesa ya gari la mazishi. Mnajua gari haijatimia. Nikasema ni kompyuta tu, si nguo, si viatu..."

"Alikuwa analala na viatu? Alikuwa analala na hiyo! Ungeuza viatu!" Akapumua. "Elkana, wewe kichwa chako kilipikwa nusu. Kaa chini."

Elkana alikaa, na ile birika mkononi.

"Hiyo kitu irudi mezani pake," Senge akasema. "Ikae mpaka azikwe. Tukirudi kutoka nyumbani, familia itakaa, itaamua ni ya nani."

"Sawa kabisa, Senge," Wiki akasema. Alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, kofia mkononi. Na hiyo ndiyo ilikuwa haki, nilijua. Lakini niliona pia paspoti ya Achieng' chini ya godoro la shangazi yake, na Ijumaa mchana, na yule mzee aliyefungwa ambaye angemaliza wiki inayofuata. Wiki hakuwa anaweza kusema. Yeye ni mtu wao, ni Mluhya kama wao, anajua mahali mtu hapaswi kuomba. Mimi pia ni Mluhya, lakini mimi ni mtoto, na mtoto anaweza kukosea.

Nilisikia sauti yangu ikitoka. Ilikuwa ndogo, na watu wakaacha kumenya ili waisikie, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Senge, tunaomba... si kuichukua. Ibaki hapa. Kuna dada yetu, ana kazi kama ya Baba Tevin, ya video. Ikikosa kuisha kabla ya kesho mchana anapelekwa ng'ambo kufanya kazi ya nyumba. Anaweza kuja na kazi yake hapa. Mashine ifanyie kazi hapa. Kwa meza yake."

Mtoto fulani alikuwa anagonga kijiko kwenye sufuria, na mamake akamshika mkono.

"Anaitwa nani, huyu dada?" Senge akauliza.

"Achieng'."

"Mjaluo."

"Ndiyo, Senge."

"Hata wao wanazika." Alifikiria, akimwangalia yule mwanaume kwenye picha kana kwamba ni yeye anaulizwa. "Mama Tevin, kuna kazi aliacha?"

"Harusi ya Mama Sheila na yule bwana wake," mjane akasema. "Alikuwa anaimalizia siku alianguka. Aliniambia nisizime."

"Basi ianze na yake," Senge akasema. "Ikimaliza yake, ifanye ya msichana. Na watu waimbe kama kawaida."

Wiki alirudisha prosesa kwenye bodi ile iliyopinda kona, na mimi nikaweka pasti. Tukawasha. Ilisoma nne nukta mbili, na hapo hapakuwa na ajabu, kwa sababu hiyo ilikuwa bodi yake na bodi hukumbuka. Harusi ilikuwa pale, imefunguka jinsi alivyoiacha. Nilibonyeza kitufe. Mstari wa kijani ukaanza kutembea, na chuma cha feni kikapata joto la kawaida, la mashine inayofanya kazi.

Achieng' alifika mchana na filamu yake kwenye diski, amevaa sketi nyeusi ya kuazima. Hakuuliza swali lolote. Alichukua kisu akakaa na wale wa viazi.

Jioni giza likaingia, watu wakaanza kuimba, na mimi nikashika ukingo wa meza. Haikuzima. Iliendelea katikati ya nyimbo na maombi mpaka mstari ukafika mwisho. Mama Tevin akasema anataka kuona. Kwa hivyo skrini ikageuzwa mlangoni, na watu wa matanga, wamejitanda leso, wakatazama harusi. Bibi harusi akicheza, wajomba wakicheza vibaya, keki. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Kisha gari la harusi likapita karibu, limeoshwa linang'aa, na kwenye kioo cha mlango tukamwona mpiga picha mwenyewe, kamera begani. Aliinua mkono mmoja akarekebisha kitu karibu na jicho lake. Ilionekana kama anapunga. Mama Tevin naye akainua mkono wake, kidogo tu, halafu akaushusha.

"Rudisha hapo," akasema. Nikarudisha. Alitaka mara nyingi. Nilirudisha kila mara.

Ndipo tukaanzisha ya Achieng'. Mama yangu alikuwa amenipigia simu nirudi nyumbani, nikarudi na Wiki. Achieng' alibaki kukesha na wao. Aliniambia baadaye kwamba kila walipopika chai, Mama Tevin aliweka kikombe kimoja kando ya kibodi, na asubuhi vikombe vyote vilikuwa vitupu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ijumaa asubuhi nilifika wakati gari la familia linaegeshwa barabarani. Filamu ilikuwa imeisha. Achieng' aliituma pale pale kwa simu ya Wiki, tumesimama karibu na ukuta ambapo mtandao unashika, na jibu la chuo kwamba wameipokea lilipofika alikaa chini kwenye vumbi na sketi ya watu. Mnajua alichukuliwa, mmeona picha zake. Shangazi yake alirudisha paspoti kwa sanduku na ikaishia hapo.

Lakini siku ile hatukuwa tunajua. Watu walikuwa wanaingia kwenye gari, na Senge alisimama mlangoni na mkongojo wake, anangoja nyumba ifungwe. Mashine ilikuwa bado imewashwa.

"Nani atazima?" akauliza.

Mama Tevin alitikisa kichwa. Elkana alisogea nyuma. Wiki alinitazama, na nikajua ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiomba.

Niliingia. Kulikuwa na giza kidogo, pazia limefungwa, na ile skrini tu. Nilinyoosha mkono kuelekea kitufe, halafu nikaona si vizuri kuzima mtu hivyo bila kusema. Hakuna mteja aliyekuwa pale wa kumwonea aibu.

"Baba Tevin," nikasema. "Zimeisha. Yako na ya Achieng'. Zote ni nzuri."

Skrini ikawa nyeusi. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Kidole changu kilikuwa bado hewani.

Nilitoka nje. Senge hakuniuliza nimebonyeza wapi. Alisikiliza kwanza ile nyumba, kichwa kimeinama, halafu akafunga mlango kwa kufuli na kuugeukia umati uliokuwa kwenye gari.

"Haya," akasema. "Twendeni tumchukue. Sasa yuko tayari."